Wasiokosea Hawaonekani

Nchi yetu ina jina zuri tu, ila kwa sasa liko kwenye kamati linafanyiwa marekebisho, kwa hiyo mniwie radhi nikisema "nchi yetu" mpaka mwisho. Ni nchi ya amani. Sisemi hivyo kwa kumwogopa mtu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa juu ya geti la ofisi yetu, nami hupita chini yake kila asubuhi na sijawahi kuona mtu akibisha.

Mambo yenyewe yalianza kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu, ambaye ndiye kiongozi wetu, na hatukumbuki kama kabla yake kulikuwa na mwingine. Wajukuu waliletwa wampe maua. Wa mwisho, kitoto cha chekechea, alikuwa ameinamia simu ya yaya wake, maua kayashika kichwa chini. Mlezi Mkuu akamshika kidevu, akamwinua uso, akamuuliza kwa sauti ya kibabu, "Haya, mjukuu wangu, mimi ni nani?"

Mtoto akamkagua. "Wewe ni yule wa taarifa ya habari," akasema. Kisha akampitishia kidole shavuni, kutoka kulia kwenda kushoto, kama wafanyavyo kwenye simu picha ikiwachosha, akashangaa kuona babu bado yupo.

Mlezi Mkuu akalia, machozi ya kweli kabisa. Waliokuwa mbele wakalia naye, na waliokuwa nyuma, ambao hawakujua kinacholiliwa, wakalia zaidi kwa usalama wao. Kesho yake ikaundwa Wizara ya Macho ya Watoto.

*

Waziri aliyepewa wizara hiyo ni Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kitwana Mapambo. Kwanza aliita wataalamu. Wataalamu wakakaa hotelini, wakala, wakarudi na ripoti fupi mno kwa chakula walichokula: familia ile chakula pamoja bila simu mezani, mtoto asilale na kishikwambi, apate nafasi ya kucheza nje, na mzazi aweke simu yake chini kwanza, mtoto aone mfano.

Waziri akaisoma, akawashukuru, akakifuta kipengele cha mwisho. "Hiki kinahusu watu wazima," alisema, "na hii ni wizara ya watoto. Tusiingilie kazi za wenzetu."

Mwalimu mmoja mzee akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, na hilo la kucheza nje? Uwanja wa watoto uko wapi siku hizi?"

"Uwanja upo," Waziri akajibu. "Ndipo ulipojengwa mnara wa kamera."

Kisha akalihutubia taifa. "Ndugu wananchi! Skrini imetuingilia! Imekaa sebuleni, imekaa chumbani, imetufuata mpaka msalani! Kuanzia leo, mtoto wa nchi hii hatakaa mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Na ili kila mtoto alielewe jambo hili, ataitazama hotuba yangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kesho itarudiwa!" Hotuba ilianza asubuhi ikaisha watu wakianika nguo kwa mara ya pili. Kila darasa lilifungiwa skrini kubwa kwa ajili hiyo. Muda wa kuitazama haukuhesabiwa, kwa kuwa ilikuwa dawa.

*

Nyumba zote zikafungwa kamera sebuleni. Iliitwa Jicho la Mlezi, kijidude cheupe, kizuri tu, hakina tabu na mtu. Nyuma ya kamera ipo mashine, na nyuma ya mashine tupo sisi, Idara ya Utazamaji. Kazi yetu ni kuwalinda watoto na madhara ya kukaa mbele ya skrini, na tunaifanya tukiwa tumekaa mbele ya skrini tangu alfajiri mpaka watoto wa nchi nzima wamelala. Macho yanauma kidogo. Tunapewa matone.

Niwaeleze kazi inavyokwenda, maana watu huko nje wanatuzushia. Mtoto anayecheza, anayekula, anayelia, huyo hatumwoni. Mashine haimleti. Inamleta yule tu aliyeshika kitu chenye pembe nne na kukikodolea macho. Akitokea, wimbo mdogo wa watoto unaanza kupiga, na wewe una vitufe viwili. Kijani: amesamehewa. Chekundu: achukuliwe. Ukibonyeza chochote, picha inaondoka, inakuja nyingine. Wimbo ukiisha hujabonyeza, mashine inabonyeza chekundu yenyewe, na wewe unakatwa posho. Hairuhusiwi kugeuza shingo. Hairuhusiwi kutaja jina la mtoto yeyote chumbani, kwa sababu ya faragha, ambayo nchi yetu inaiheshimu sana.

Anayechukuliwa huenda Kituo cha Kupumzisha Macho, kule milimani, kwa muhula mzima. Hewa yake nzuri ajabu. Walimu hawatoshi, kwa hiyo watoto wanaoneshwa filamu za ubaya wa skrini, asubuhi hadi jioni.

Mwanzoni kulikuwa na kasoro ndogo. Mashine haikuweza kutofautisha simu na kitabu. Watoto wengi waliokuwa wakisoma wakapanda Gari la Huruma, na shule moja ikabaki na wale wasiopenda kusoma tu, ikaongoza kitaifa kwa maadili. Waziri akalitatua hilo mara moja: vitabu vyote vikatwe viwe mviringo. Vikakatwa. Hesabu zikapoteza majibu, yaliyokuwa pembeni, na ramani ya nchi yetu ikapoteza mikoa minne, lakini watu wa mikoa hiyo hawakulalamika, labda walifurahi. Mkate nao ukaokwa mviringo. Sabuni ya mche ndiyo iliyoshinda serikali: akina mama walisema ya mviringo inateleza kwenye jiwe inakimbilia mtaroni, na wakaandamana na beseni. Basi sabuni ikabaki na pembe zake, na watoto wakakatazwa kufua. Mvulana mmoja wa mtaa wa pili alikuwa ameshachukuliwa kwa ajili ya sabuni. Habari yake ilizagaa, kila mtoto aliijua.

*

Kiti cha kulia kwangu alikaa Mbaraka. Mtu mzuri, mpole, hana neno na mtu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wetu wote. Alikuwa na cheti cha Mtazamaji Bora na alikitundika mezani. Mashine hugawa nyumba kwa kanda, naye alipewa kanda ya kota tunakoishi wafanyakazi, kwa kuwa anaijua. Tulikuwa majirani. Tukitoka nyumbani watoto hawajaamka; tukirudi wamelala. Jumapili ndiyo siku ya mapumziko, na siku hiyo tulipewa vishikwambi tuangalie kanda zetu tukiwa nyumbani, tumekaa kwa raha zetu.

Jumapili moja nilikwenda kwake kuomba matone ya macho. Nilimkuta kwenye kochi na kishikwambi chake. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa jikoni. Mtoto wao wa pekee, Sikudhani, wa darasa la kwanza, alikuwa amesimama mbele ya magoti ya baba yake, ngumi kaifumba.

"Baba, angalia."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

"Baba, jino langu limetoka. Angalia."

"Ngoja kidogo, mama, nimalize hii kanda."

Kwetu jino la kwanza likitoka, baba ndiye hulirusha juu ya paa, mtoto kasimama pembeni yake, anaomba jipya. Kwanza baba analitazama, analisifia, anauliza kama liliuma, ndipo linarushwa. Mama hawezi kulirusha, wala babu. Ni jambo la dakika moja tu, na hata Mlezi Mkuu hajalipiga marufuku.

Sikudhani alisimama pale mpaka miguu ikachoka, akaja kukaa karibu yangu. Akafungua ngumi. Lilikuwa jino dogo kama punje ya mchele, limechafuka jasho la mkono.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Hongera kwa jino."

"Ami, baba anaangalia nini kila siku?"

"Anaangalia watoto."

"Watoto gani?"

"Watoto wanaokosea."

Akafikiri. Pengo lake alilipitishia ulimi. "Na wasiokosea, nani anawaangalia?"

"Hao hawana haja ya kuangaliwa," nikamwambia. "Hao hawaonekani kabisa." Nilidhani nimemsifia. Nikachukua matone yangu, nikaaga, nikaenda kutazama kanda yangu.

*

Wiki ile ilipita kama wiki nyingine. Siku moja mchana, baada ya chai, wimbo ukaanza kupiga kwenye meza ya Mbaraka. Shingo sikuigeuza. Jicho ndilo lilikwenda lenyewe.

Palikuwa na sebule, kochi, pazia la maua ya njano. Mtoto wa kike alikuwa amepanda juu ya kigoda, chini kabisa ya kamera, amevaa gauni la sikukuu na nywele zimechanwa. Ameshika kipande cha sabuni kwa mikono miwili, anakikodolea macho kweli kweli, kama mtu aliyefundishwa. Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Halafu akaweka sabuni chini, akainua uso kwenye kamera, akafungua mdomo wazi, akaonesha pengo kwa kidole. Akainua jino. Kamera zetu hazina sauti, lakini neno alilosema ni fupi, hata mimi nililisoma.

"Mbaraka," nikasema, "mtazame vizuri huyo."

Alikuwa ameshabonyeza. Chekundu. Picha ikaondoka, ikaja ya mvulana na kigae cha bafuni.

"Pazia la ile nyumba," Mbaraka akasema, "kama la kwetu."

Alimaliza wa kigae, akamaliza wawili wengine. Mkono wake uliendelea vizuri, kijani, chekundu, kijani. Kisha ukasimama hewani.

"Ni la kwetu," akasema.

Mtaniuliza nilijisikiaje. Kusema kweli sikujisikia kitu. Nilikuwa na mtoto wangu mwenyewe kwenye skrini akisubiri, yaani si wangu wa kuzaa, wa kanda yangu, na wimbo wake ulikuwa unakaribia mwisho.

Mbaraka alisubiri kengele ndipo akakimbia, nami nikamfuata. Alipofika kota, gari lilikuwa limeshakwenda. Mwanaidi alikuwa ameketi kwenye kile kigoda. Alinisimulia mimi, kwa sababu mumewe alikuwa hasikii: kwamba Sikudhani hakulia hata kidogo, alipanda gari mwenyewe, akamwambia askari, "Mnanipeleka kwa baba?" Kwamba yeye Mwanaidi alishika mlango wa gari, na askari akamsomea karatasi kwa adabu zote: mtoto huyu ameidhinishwa na Mtazamaji Mbaraka.

"Wiki nzima alilala nalo mkononi," Mwanaidi alimwambia mumewe. "Namwambia, lete nikuwekee, anasema hapana, baba hajaliona."

Mbaraka akasema atakwenda kwa mkurugenzi asubuhi. Alisema mara nyingi, kwa sauti ile ile.

*

Mkurugenzi alimpokea amesimama. Kabla Mbaraka hajafungua mdomo, alikumbatiwa.

"Mwanao wa kumzaa!" mkurugenzi akasema. "Na mkono haukutetemeka! Nimeshampigia Waziri, Waziri kampigia Mlezi Mkuu. Jamani, nchi hii ina watu!"

"Mkurugenzi, mtoto alikuwa ameshika sabuni."

"Sabuni, simu, sheria haibagui."

"Naomba arudi nyumbani. Mtoto hana kosa, alikuwa ananiita mimi."

Mkurugenzi akashusha sauti, akawa kama ndugu. "Mbaraka. Ukisema ulikosea kubonyeza, ni uzembe kazini, na mtoto wa mzembe anaongezewa muhula kwa malezi mabaya. Ukisema hukukosea, wewe ni shujaa, na mtoto anamaliza muhula wake anarudi. Sasa wewe mwenyewe chagua."

Akachagua. Mimi pia ningechagua hivyo.

Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa taifa. Mlezi Mkuu mwenyewe alimvika nishani ya Mzazi wa Mfano. Waziri Mapambo alizungumza mpaka jua likahama upande. "Mtazameni baba huyu!" alisema. "Wengine wanawaacha watoto wao wapotee, wanajifanya hawaoni! Huyu aliona!" Watu walipiga makofi. Mwanaidi hakuja, alikuwa ameondoka kwenda milimani kukaa nje ya geti la Kituo, ambako wazazi hawaruhusiwi kuingia ila huwa wanaachwa wasimame.

Mwisho watu wa filamu wakamchukua Mbaraka pembeni. Walimpaka poda. "Angalia hapa, mzee," mpiga picha alimwambia, "hapa hapa kwenye lenzi. Usipepese. Jifanye mwanao yuko humu ndani. Sema: Mwanangu, nakuona." Alirudia sana mpaka wakaridhika. Filamu ikapelekwa kila shule. Kwenye Kituo cha Kupumzisha Macho iliwekwa ya kwanza asubuhi na ya mwisho jioni.

*

Mbaraka alipandishwa cheo. Aliulizwa anataka nini, nyumba kubwa au gari, akaomba Kituo. Wakampa kamera za Kituo zote, skrini tatu zikapangwa mbele yake, na meza ikabaki pale pale kulia kwangu. Lakini mashine ni ile ile, ila kule chekundu maana yake mtoto anaongezewa muhula. Mtoto wa Kituo aliyekaa kitini anatazama filamu kama inavyotakiwa, hatokei. Na Sikudhani, tangu afike kule, alikuwa mtoto mwema.

Kwa hiyo Mbaraka alitafuta. Alitazama kila picha iliyoletwa, mpaka pembeni mwake, nyuma ya mtoto aliyekosea, kwenye mlango, kwenye foleni ya uji. Matone yake yaliisha akawa anatumia ya kwangu. Hakula na sisi tena. Ukimsemesha alikuwa anajibu baadaye, na wakati huo wewe umeshasahau ulichouliza. Mkurugenzi alituleta tumwangalie mara mbili, tujifunze.

Juzi, karibu na kengele ya jioni, skrini zake zilikuwa zimejaa, tena zimezidiwa. Wikiendi iliyopita watoto wengi walichukuliwa. Zinapozidiwa, mashine hummegea jirani. Wimbo ukaanza kupiga kwangu.

Lilikuwa bwalo la Kituo. Ukutani, ukubwa wa ukuta mzima, palikuwa na uso wa Mbaraka na poda yake. Watoto wamekaa safu safu. Mtoto mmoja alikuwa ameinuka kwenye kiti, amesogea mpaka kwenye skrini kabisa, jambo ambalo ni kosa kubwa kule, kwa sababu linaumiza macho. Alikuwa amekonda kidogo. Alisimama chini ya kidevu cha baba yake, akasubiri midomo ile mikubwa iseme yale maneno inayoyasema, na ilipoyasema, akafungua mdomo wake wazi, akanyoosha kidole. Pengo lilikuwa limejaa. Jino jipya, limetoka lote. Ngumi ya mkono wa pili ilikuwa imefumbwa.

Kitufe cha kijani kilikuwa chini ya kidole changu. Nilikigusa, sikukibonyeza, maana ningekibonyeza picha ingeondoka, na huyu wa pembeni yangu asingemwona.

"Mbaraka," nikasema. "Geuka."

Alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kioo, anakagua foleni ya uji.

"Mbaraka, geuka uone hapa kwangu. Mara moja tu."

"Ngoja kidogo," akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu aliye kazini. "Namtafuta Sikudhani."

Alitaja jina, jambo lisiloruhusiwa, lakini sikuliripoti. Nikangoja. Kule ukutani uso mkubwa ulisema tena kwamba unamwona, na mtoto akasogea karibu zaidi, akafungua na ile ngumi.

Wimbo ukaisha.